Msiseme Ni Uzee Tu

Wanangu, kuna kauli moja nimechoka kuisikia. Naingia nyumba ya mgonjwa, nauliza mama anasumbuliwa na nini, na kabla mama mwenyewe hajafungua mdomo kijana wake ananijibu: "Ni uzee tu, bibi." Mama amelalia ubavu mmoja tangu juzi kwa sababu ubavu wa pili haugusiki, na bado ni uzee tu. Chakula hali, choo hapati, usiku analia kwa sauti ya chini asiwaamshe wajukuu. Ni uzee tu. Nimefanya kazi ya uuguzi mpaka nikastaafu, na baada ya kustaafu bado naitwa huku na huku kwenye nyumba za watu wasio na uwezo. Kauli hiyo naikuta kila ninapoingia.

Uzee una mambo yake, sikatai, mimi mwenyewe ninayo. Macho hupungua nguvu, magoti hugoma, usingizi hukatika kabla ya adhana ya alfajiri. Lakini uzee hautafuni mfupa. Uzee haumtoi mwanamke damu wakati hedhi yake ilikwisha koma zamani. Uzee haumfanyi mtu ashindwe kumeza ugali mwezi huu, uji mwezi ujao, na baadaye mate yake mwenyewe. Hayo ni magonjwa. Na hata pale ambapo ugonjwa wenyewe hautapona tena, mateso yake yanaweza kutulizwa. Kazi hiyo ya kutuliza ndiyo tiba shufaa, na ndiyo iliyonifanya niwaite mkae mnisikilize. Wazee maskini wa nchi zetu wanakufa na maumivu ambayo dawa yake inajulikana tangu enzi za mababu zao, na wala si dawa ya bei.

Fikirini babu anayelalamika kiuno. Ujana wake wote aliumalizia kwenye mashamba ya mkonge, kwa hiyo kila mtu pale nyumbani anaona kiuno ni halali yake. Anachuliwa kwa mafuta ya nyonyo, ananunuliwa vidonge dukani. Lakini msikilizeni vizuri: maumivu yanazidi usiku akilala, hayapungui kwa kupumzika, na mkojo wake una miezi unatoka kwa matone. Huyo anatakiwa apimwe tezi dume, maana saratani ya tezi dume hupenda kuhamia kwenye mifupa, hasa ya uti wa mgongo. Na siku akisema miguu imekufa ganzi, au ameshindwa kusimama ghafla, hiyo si siku ya kuchua tena. Uti wa mgongo unabanwa. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana akicheleweshwa miguu hairudi.

Na bibi naye. Bibi hasemi. Atamwambiaje mtoto wake wa kiume kwamba anatokwa na uchafu wenye harufu? Anachofanya ni kuhama. Zamani alikaa katikati ya mkeka na wenzake, sasa anakaa karibu na mlango. Anafua kanga zake mwenyewe alfajiri, hataki mkwe azione. Saratani ya mlango wa kizazi imewamaliza wanawake wengi wa umri wangu kwa namna hiyo, kimyakimya, na wanakuja kufunguka wakati ugonjwa umeshafika kwenye kibofu na kwenye figo. Mkimwona mama yenu amehamia mlangoni, mtumeni mwanamke mtu mzima anayemwamini akamuulize faraghani, taratibu.

Kuuliza nako kuna namna yake. Mzee maskini ukimuuliza "Unaumwa?" atakujibu "Nashukuru Mungu." Si kwamba haumwi. Ameshapiga hesabu ya nauli, ya dawa, ya kijana atakayeacha kibarua ili ampeleke, akaona bora apunguze maumivu yake kwa mdomo. Kwa hiyo usiulize kama anaumwa. Uliza anaumwa wapi. Uliza usiku uliopita amelala saa ngapi na kaamka mara ngapi. Sisi wauguzi humwonyesha mgonjwa vidole vya mkono: ngumi iliyofungwa maana yake hakuna maumivu, mkono uliofunguka wote maana yake hayavumiliki, nionyeshe yako ni mangapi. Nimewaona wazee waliokwisha niambia kwamba hawajambo wakinyanyua vidole vyote vitano.

Mtaniambia: bibi, mbona mzee asiye na uwezo anatibiwa bure? Ni kweli, na Tanzania imeandika hivyo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuanzia miaka 60, na hospitali nyingi za serikali zina dirisha la wazee, na ukutani imeandikwa mzee apishwe kwanza. Nashukuru kwa hilo, tena sana. Lakini dirisha haliendi nyumbani kwa mtu. Aliyelala kitandani kijijini anahitaji bodaboda mpaka barabarani, gari mpaka mjini, na mtu wa kumshika. Akifika anaandikiwa dawa, dawa haipo, anaambiwa akanunue nje. Zanzibar mwaka 2016 ilianza kumlipa kila mwenye miaka 70 au zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza aliajiriwa wapi. Kenya nayo mwaka 2018 ikaanza kuwapa wa umri huo shilingi 2,000 za kwao. Ni hatua kubwa. Ila wazee ninaowafahamu mimi hela hiyo haikai mfukoni. Inakwenda kwenye daftari la mjukuu na kwenye unga wa nyumba nzima. Mzee ndiye anayelisha, halafu ndiye anayeona haya kuomba panado.

Sasa nizungumzie dawa yenyewe, na hapa naomba subira yenu, maana ndipo penye woga mkubwa.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani, na mpaka leo sisi wauguzi tunaujua kwa kichwa: dawa itolewe kwa mdomo, itolewe kwa saa, ipandishwe kwa ngazi. Maumivu madogo, panado. Yakizidi, kodeini au tramado. Yakiwa makali, mofini. Wengi wenu mnaishia ngazi ya chini, mnarudia panado zile zile kwa mtu anayeumwa mifupa, au mnamdunga diklofenaki kila jioni kwa mtu wa duka la dawa. Acheni hiyo. Diklofenaki ya kila siku kwa mzee inatoboa tumbo na kuua figo, na hata hayo maumivu haiyamalizi.

Mofini inawatisha. Nalijua hilo. Mmoja ananiambia ni dawa ya kulevya, mwingine ananiambia hiyo ndiyo dawa ya mwisho, mgonjwa akipewa basi amekatiwa tamaa. Nikiwaeleza nawaona mnatikisa kichwa kwa adabu, kisha chupa naikuta juu ya kabati, imejaa.

Nisikilizeni tena. Mofini ya maji ni unga unaoyeyushwa kwenye maji pamoja na dawa ya kuzuia isiharibike na rangi kidogo ya kuitambulisha nguvu yake. Ni hivyo tu. Dk. Anne Merriman, daktari kutoka Uingereza aliyepata kufanya kazi katika Nairobi Hospice, kituo cha tiba shufaa, kilipoanzishwa mwaka 1990, aliifikisha Kampala mwaka 1993 alipoanzisha Hospice Africa Uganda. Uganda ikaona madaktari hawatoshi kuwafikia wagonjwa vijijini, na mwaka 2004 sheria ikaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea kazi hiyo kuandika mofini wenyewe. Ilikuwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Muuguzi wa wilayani, mwenye pikipiki na begi lake, akaweza kuingia kwenye nyumba ya makuti na kutoka ameacha usingizi. Nikilikumbuka jambo hilo moyo wangu huchangamka, kwa sababu halikungoja utajiri. Liliamuliwa na nchi maskini.

Kwingine hali ni nyingine. Mwaka 2017 jopo la wataalamu waliokusanywa na jarida la kitabibu la The Lancet walipiga hesabu ya dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka. Walipata tani 298.5. Katika hizo, nchi za kipato cha chini, kundi ambalo wakati huo Tanzania na Uganda zilikuwamo, zilipata tani 0.1. Ni kilo mia, gunia moja la mahindi, kwa wagonjwa wa nchi zote hizo. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba tatizo la Afrika ni kutumia mofini kupita kiasi, mwonyesheni hesabu hiyo.

Sasa namna ya kuitumia. Inapimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mpaka kwenye mstari alioonyesha muuguzi, si kwa kijiko cha jikoni. Inatolewa kila baada ya saa nne, na ile ya wakati wa kulala huwa inaongezwa, mara nyingi maradufu, ili mgonjwa apitilize usiku asiamke saa nane kudai dawa. Msingoje alie. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapokosea: mgonjwa ametulia, wanaruka dozi wakidhani wanaweka akiba. Ametulia kwa sababu ya dozi iliyotangulia. Maumivu yakishapanda, kuyateremsha kunataka dawa nyingi kuliko kuyazuia yasipande.

Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia. Msiogope, mara nyingi ni usingizi wa madeni, mtu hajalala miezi. Anaweza kusikia kichefuchefu. Kitapita, na kisipopita kina dawa. Jambo moja halipiti, nalo ni kufunga choo. Anayepewa mofini lazima apewe na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, bisakodili kwa kawaida, na kama haipatikani mwambieni muuguzi mapema. Nimeona mgonjwa aliyetulizwa kabisa maumivu ya saratani akateswa upya na tumbo kwa sababu tu hakuna aliyemuuliza habari za choo. Na uraibu? Mtu anayekunywa mofini kwa kipimo cha daktari kwa maumivu ya kweli ni nadra kugeuka teja. Maumivu yakipungua, kwa mfano baada ya mionzi, dozi hupunguzwa taratibu na maisha yanaendelea. Wala dawa hiyo ikipimwa sawasawa haimwahishi mtu kaburini.

Kuna na wanaoleta dini. Wananiambia maumivu yanafuta dhambi, mwache babu avumilie. Wanangu, dini zetu zinatufundisha subira, na nimewaona wazee wenye subira ya kunifanya niinamishe kichwa. Lakini subira anaichagua mgonjwa kwa ajili ya nafsi yake. Wewe mzima, uliyelala usiku kucha, huna haki ya kumchagulia. Ukiwa na shaka muulize shehe wako au padri wako, umweleze kwamba ni dawa iliyoandikwa na daktari na inapimwa kwa mililita. Nimekaa nao wengi kwenye vyumba vya wagonjwa, na sijamwona hata mmoja aliyekataza.

Nimesema sana kuhusu maumivu kwa sababu yanapiga kelele. Yapo mateso mengine yasiyopiga kelele. Harufu ni mojawapo. Kidonda cha saratani ya titi kikianza kunuka, wajukuu huacha kuingia chumbani, na mgonjwa anajua kwa nini. Vidonge vya metronidazo, hivi hivi mnavyovijua kwa jina la Flagyl, vikisagwa vikawa unga laini na kunyunyizwa juu ya kidonda kilichooshwa kwa maji safi yenye chumvi kidogo, harufu hupungua sana katika siku chache. Mwombeni muuguzi awaonyeshe mara ya kwanza. Gharama yake ni ndogo kuliko ya udi mnaofukiza kuifunika.

Kupumua kwa shida nako kunatisha pengine kuliko maumivu. Mzee wa moyo uliochoka, au wa mapafu yaliyoharibiwa na kifua kikuu cha zamani, anakuwa kama anazama huku yupo kitandani. Watu wanajaa chumbani, wanafunga dirisha asipigwe na baridi. Fungueni dirisha. Watu watoke, abaki mmoja au wawili. Mwinueni akae kwa kuegemezwa mito, na mmoja achukue pepeo ampepee usoni, karibu na pua na mashavu. Kupepewa usoni kunapunguza kweli ile hali ya kukosa hewa, hata wataalamu wamekupima wakakubali. Na mofini ile ile, kwa dozi ndogo, inatuliza pumzi pia, daktari akiona inafaa.

Kisha lipo la kuweweseka, na hapa niruhusuni niseme kwa ukali kidogo. Bibi aliyekuwa na akili zake anaanza kuita majina ya watu waliokufa. Anavua nguo. Anamwambia mkwe wake maneno mabaya, au anakaa macho usiku kucha anazungumza na ukuta. Nyumbani wanatazamana, na jirani anapata la kusema. Tanzania inajua mwisho wa maneno kama hayo. Kanda ya Ziwa wameuawa vikongwe wakiitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa jikoni maisha yao yote. Kabla hamjamwita mganga, tazameni haya: amekunywa maji leo? Amekojoa, au kibofu kimejaa na tumbo la chini limekuwa gumu? Amepata choo? Ana homa? Amebadilishiwa dawa? Mkojo wenye maambukizi peke yake unaweza kumvuruga mzee akili kwa siku mbili, na ukitibiwa akili zikarudi. Wakati anaweweseka msibishane naye. Taa iwake, sauti iwe ya mtu anayemjua, mtajieni jina lake na lenu. Na jirani mwambieni mama anaumwa, basi.

Vidonda vya kulala vinazuilika. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili: ubavu, chali, ubavu wa pili. Shuka lisiwe na mikunjo, akilowa abadilishwe hapo hapo. Kila siku mtazameni kwenye mkia wa mgongo, kwenye nyonga na visigino. Pakianza kuwa pekundu au peusi kuliko ngozi ya kawaida, msipalalie tena.

Na nani anayegeuza kila saa mbili? Mnajua. Ni binti mmoja, yule aliyeachika au asiyeolewa, au mke wa mzee ambaye naye ni mzee, au mjukuu aliyeacha shule bila mtu kutangaza kwamba ameacha. Wengine wanapiga simu. Wanapiga simu nzuri, zenye pole nyingi. Mwenye kuuguza anataka usiku mmoja wa kulala. Pangeni zamu, na asiyeweza kuja alipe mtu wa kukaa badala yake.

Ndipo nifike kwenye hela. Mtu akifa, kundi la familia kwenye simu linaamka. Kabla ya magharibi turubai limepatikana, viti, sufuria kubwa, mchele, ng'ombe, na basi la kuwaleta watu kutoka Dar es Salaam. Mhasibu anaandika majina, na hakuna anayetaka jina lake likosekane. Siwakatazi kuzikana kwa heshima. Ni mila yetu na ni ibada. Nawauliza tu kwa nini kundi hilo hilo lilikuwa kimya miezi sita mzee akiwa hai. Nimekaa kwenye msiba wa mtu niliyemuuguza, naletewa sahani ya pilau yenye nyama, na najua mtu huyo alilala juu ya godoro lililokwisha chanika kwa sababu godoro jipya lilikuwa "tutaangalia mwisho wa mwezi." Mchango wa nusu ya ng'ombe yule ungemnunulia godoro, mpira wa kutandika kitandani, glovu, sabuni, bisakodili ya miezi, na gari la kumpeleka hospitali na kumrudisha bila kubanwa kwenye siti ya daladala na mgongo wake ule. Anzeni kuchanga siku daktari anapowaambia ugonjwa ni mkubwa. Mhasibu ni yule yule, kundi ni lile lile.

Upande wa pili wapo wanaouza shamba. Nao nawaonea huruma zaidi, maana wanafanya kwa mapenzi. Wanauza ng'ombe, kisha shamba, wanazunguka na mgonjwa hospitali hii na ile, wengine mpaka nje ya nchi, na mwisho anafia njiani, watoto wanabaki bila pa kulima. Kabla hamjauza chochote muulizeni daktari swali moja, bila kuona haya: matibabu haya ni ya kuponya au ya kutuliza? Akisema ya kuponya, muulize uwezekano ukoje. Akisema ya kutuliza, muulize kama kutuliza huko hakuwezi kufanyika karibu na nyumbani. Mara nyingine safari inafaa: kwa maumivu ya mfupa uliovamiwa na saratani, mionzi ya siku moja tu, Ocean Road pale Dar es Salaam au Bugando kule Mwanza, inaweza kumpa mtu nafuu ya wiki nyingi. Safari ya namna hiyo mkichangia mmechangia jambo. Lakini kumbeba mzee asiyejua hata jina la ugonjwa wake, kwa sababu tu hamtaki kuonekana mmekaa bure, huko ni kumchosha.

Naam, asiyejua jina la ugonjwa wake. Mnawaficha. Daktari anawaita pembeni, mnarudi kitandani na nyuso za kutengeneza, mnamwambia ni vidonda vya tumbo. Mnasema akijua atakufa kwa mshtuko. Wazee hawa wamezika wazazi, ndugu na watoto. Hamtawashtua kwa habari ya kifo. Kinachowatesa ni kuona kila mtu anajua isipokuwa wao. Mzee ana deni analotaka kulilipa, ana mtu anayetaka kumwomba radhi, ana mpaka wa shamba ambao hakuna aujuaye ila yeye, ana wasia. Mkimficha mpaka ulimi umekuwa mzito, mmemnyima hayo yote, na ugomvi wa mpaka mtaurithi nyinyi. Msimlazimishe kujua, wapo wasiotaka. Muulizeni: "Baba, daktari ametueleza habari za ugonjwa wako. Unapenda tukuambie, au tuzungumze na kaka?" Atachagua mwenyewe.

Cicely Saunders, mwanamke Mwingereza aliyeanza kama muuguzi, akawa mtu wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari, alifungua St Christopher's Hospice mjini London mwaka 1967. Yeye ndiye aliyewafundisha madaktari kwamba maumivu ya anayekufa si ya mwili peke yake. Yamo ya moyo, ya roho, ya familia, ya fedha. Nilipolisoma hilo nikiwa kijana kazini nililielewa mara moja, kwa sababu nilikuwa na mgonjwa ambaye hakuna dozi iliyomtuliza, mpaka siku mwanawe alipomwambia kwamba ada ya mjukuu imelipwa. Usiku ule alilala.

Sasa siku za mwisho zenyewe, maana hakuna anayewafundisha, na mkizikuta bila kujua mnahangaika na kumhangaisha.

Atalala muda mrefu zaidi na kuamka kidogo. Ataacha kula. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na wakasema kweli kwa mgonjwa atakayeinuka. Huyu anayeondoka aulizwe, na akikataa akubaliwe. Mwili wake hautaki tena chakula, na njaa mnayoiona ni yenu. Mkimsindilia uji kwa kijiko utaingia kwenye mapafu, mtamwongezea shida ya pumzi. Anachohitaji ni kinywa chenye unyevu. Kitambaa laini kilichochovywa kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, mpanguseni ulimi na fizi, mpakeni midomo mafuta, mara kwa mara. Kazi hiyo mpeni hata mtoto wa miaka kumi. Ataifanya vizuri kuliko nyinyi.

Miguu na mikono itakuwa baridi, ngozi itabadilika rangi. Shuka jepesi linatosha, msimrundikie mablanketi. Pumzi itakuwa haina mpango: ya haraka, kisha polepole, kisha kimya mpaka mdhani amekwenda, kisha inarudi. Ndivyo inavyokuwa. Kooni patakoroma, na mkoromo huo unawatisha waliokaa pembeni kuliko unavyomsumbua yeye, maana ni mate tu ambayo hana tena nguvu ya kuyameza. Mlazeni ubavu, kichwa kiinuke kidogo. Dawa ya maumivu msiikate kwa sababu hazungumzi. Muulizeni muuguzi jinsi ya kuitia kidogo kidogo ndani ya shavu. Na mkitaka kujua kama anaumwa, tazameni paji la uso. Likikunjwa mnapomgeuza, bado anaumwa.

Msizungumzie mazishi juu ya kichwa chake. Inaaminika masikio huwa ya mwisho kuzimika, na mimi kwa macho yangu nimeona chozi likimtoka mtu tuliyedhani hasikii. Wa kumsomea asome, wa kusali asali, wa kumlakinia amlakinie kwa sauti ya upole, bila kumpigia kelele. Mwenye la kusamehe amwambie sasa. Hakuna haja ya kukimbilia gari usiku wa manane kama mlishakubaliana na muuguzi kwamba atabaki nyumbani. Kuwa na namba ya muuguzi huyo ukutani kunatosha, na mkimpigia atawaambia la kufanya.

Na yote yakishakwisha, chupa ya mofini iliyobaki irudisheni hospitali ilikotoka, wahesabu na kuandika. Msiimwage chooni wala msimpe jirani hata kama naye anaumwa na anaomba. Dozi ya mtu ni ya mtu. Huyo jirani mchukueni kesho asubuhi kwenye gari hilo hilo linalorudisha chupa, mkae naye kwenye benchi, na akiingia kwa daktari akajibu kwamba hajambo, nyinyi mseme anaumwa wapi.